Siku Tuliyopelekwa Jangwani Mambrui

Mwanamume aliyekuja kuniposa alikuwa na wazimu wa milima na majangwa. Alikuwa amekaa Arabuni miaka sita, dereva wa kampuni ya ujenzi, akarudi na redio ya kaseti, miwani myeusi, kamera yenye mkanda wa ngozi, na mazoea ya kuanza kila neno lake kwa "kule kwetu". Kule kwetu! Mtu kazaliwa Mombasa, kanyolewa nywele za arubaini Mombasa, kachapwa bakora chuoni Mombasa, leo kwao ni kwa watu wasiojua hata jina la babake. Nilimdharau kabla sijamwona, na nilipomwona sikupata sababu ya kubadili nia. Alikuwa mfupi, kanzu yake ndefu, na harufu ya mafuta yake ilifika mlangoni kabla yake na kubaki sebuleni hadi kesho yake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nakaa nyumbani Malindi, na chini ya godoro langu mlikuwa na barua ya chuo cha ualimu Mombasa. Nilikuwa nimekubaliwa. Muhula ulikuwa unaanza baada ya wiki tano, na hicho ndicho kitu pekee nilichokitaka duniani.

Baba aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Mahram wako huko Mombasa ni nani?" akauliza. Mahram ni mwanamume ambaye dini imekuharamishia kuolewa naye: baba, kaka, ami, mjomba. Baba mwenyewe alikuwa na pumu, hawezi kutoka Malindi. Ami zangu walikuwa Lamu. Mjomba wangu wa pekee alikuwa baharia, na mara ya mwisho kusikika alikuwa bandari ambayo hata mkewe hakuweza kuitamka. Ndugu wa kiume sikujaaliwa. Tulikuwa wasichana watupu nyumba nzima. Kwa hiyo chuo hakuna, mpaka niolewe, na nikiolewa mume ndiye atakayeamua. Na mume aliyeletwa alikwisha kuamua tayari. Alimwambia baba kwamba mke wake atakaa Mombasa kwa shangazi yake, ndani, amngoje, naye atakuwa akija kila baada ya miaka miwili. Alilisema hilo kama anayetoa zawadi.

Aliyemleta alikuwa mama mkubwa, dadake mama yangu. Mama mkubwa alikuwa mshenga. Ukitaka mke au ukitaka kumwoza mwanao, Malindi nzima na hadi Mambrui, ulimwendea yeye, naye alijifunga leso yake, akaingia nyumba hii akatoka nyumba ile mpaka jambo likatengenea. Alipenda kuwataja wote aliowaunganisha, kwa mpangilio wa mitaa, na waliokwisha kuachana miaka kumi iliyopita aliwataja vilevile, kwa sauti ileile. Kazi yake, alisema, ni kuingiza watu nyumbani. Kutoka ni shauri lao.

Huyu wa Arabuni alikuwa mwana wa shoga yake wa zamani. Mama mkubwa alipokuwa bado ana mume, waliishi Mombasa ukuta kwa ukuta na mamake yule bwana, na huyo mama akafa mtoto akiwa na miaka minne. Ndiyo sababu mama mkubwa alimshughulikia kama wake. Kwangu mimi ilikuwa dharau juu ya dharau. Mwanamke huyuhuyu ndiye aliyeninyonyesha mimi, mama yangu alipougua akakauka maziwa, na sasa amekuja kunikabidhi kwa mtu wa miwani.

Basi yule bwana akaomba ruhusa atutembeze. Alikuwa ameazima gari la binamu yake, gari dogo jeupe alilokuwa akilifuta kwa kitambaa kila liliposimama. Alimwambia baba kwamba angependa kutupeleka milimani, kisha jangwani, na kuturudisha kabla ya magharibi. Milimani na jangwani, Malindi hii! Baba, aliyekataa nisiende Mombasa na barua ya serikali mkononi, alikubali niende porini na mwanamume nisiyemjua, madhali mama mkubwa amekaa kiti cha mbele. Sikuwahi kuuelewa mzani wa baba, na sasa ni marehemu, Mungu amrehemu, siwezi kumuuliza.

Tuliondoka asubuhi, watatu, na sinia la kachori na mahamri lililofungwa kwa kitambaa, na chupa ya chai. Nilikaa nyuma. Kila mara alikuwa akikigeuza kile kioo cha juu, nami kila mara nilikuwa nikisogea upande wa pili, hata nikaijua siti yote ya nyuma. Tulipovuka daraja la Sabaki, mto umejaa tope jekundu la bara, alisema kule kwetu mto wa maji hivi hakuna. Mama mkubwa akasema subhanallah. Mimi nikatazama viboko ambao hawakuwepo.

Tukaacha lami, tukashika njia ya Magarini. Barabara ilianza kupanda kidogo katikati ya mikorosho, vumbi likaingia hadi kwenye meno, naye akabadilisha gia kwa kishindo na kutangaza, "Sasa twaingia milimani."

Milima! Vile ni vilima ambavyo wanawake wa Kigiriama huvipanda wakiwa na kuni kichwani na mtoto mgongoni, wakizungumza, bila kukata maneno. Tuliwapita watatu wa namna hiyo. Wakatutazama, gari likiunguruma na kutetemeka kwenye mwinuko ule, na mmoja akasema jambo kwa lugha yao, wote wakacheka sana. Sikujua alisema nini lakini nilikuwa upande wake.

"Kule," akasema bwana, "milima ni mawe matupu. Hii yetu ina miti." Akaongeza kwamba mlima wenye miti ni bora kuliko usio na miti. Alikuwa mtu wa kusema vitu ambavyo hakuna aliyevibishia.

Marafa, alikotufikisha, sitasema uongo, pana uzuri wake. Ardhi imekatika ghafla, ukitazama chini unaona nguzo za udongo mwekundu, mweupe na wa waridi, zimesimama bila aliyezijenga. Ningependa kupatazama kimya. Yeye alianza kunieleza kwamba ni mvua ndiyo iliyokata, kana kwamba mimi nilidhani ni mwashi. Kisha akachukua kamera yake akaenda ukingoni kupiga picha, akichuchumaa, akisimama, akirudi nyuma hatua mbili, na kanzu yake ikishikwa na miba. Mimi na mama mkubwa tukatandika leso chini ya mkorosho.

"Wamwonaje?" akaniuliza.

"Namwona mfupi."

"Kwani wataka akutundikie pazia?"

Sikucheka. Nilitoa ile barua kifuani, maana nilikuwa nikitembea nayo, nikamsomea yote kuanzia anuani hadi sahihi. Yeye hakujua kusoma hati hiyo. Alisoma Kurani tu. Nikamwambia wiki tano zimebaki tatu. Nikamwambia kwamba nikiolewa na mtu yule nitakaa Mombasa, ndani, nikisikia kengele ya shule ya jirani. Hapo nikaanza kulia, na nilijichukia kwa kulia, kwa sababu nilikuwa nimejiapia kwamba mtu mfupi vile hatanitoa chozi.

Mama mkubwa alitafuna kachori yake polepole. "Mimi nilikuwa nacheza mdako barazani," akasema, "nikaitwa ndani nikaoshwe. Nikadhani ni Idi." Alikuwa na miaka kumi na minne siku hiyo. Nilikuwa nimemjua maisha yangu yote na hakuwahi kunambia.

Lakini mimi nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikuwa na adabu. "Wewe ndiwe uliyemleta," nikamwambia. "Mwana wa shogako, mwana wa shogako! Kama wampenda hivyo, si bora naye ungemnyonyesha kama ulivyoninyonyesha mimi? Ningekuwa nimepona leo."

Kwa asiyejua: watoto walionyonya kwa mwanamke mmoja ni ndugu. Hawaoani mpaka kiyama, hata kama wamezaliwa nyumba mbili na baba wawili. Kwetu wanawake ndio wanaoweka kumbukumbu hizo, nani kamnyonyesha nani na lini, na mshenga ndiye wa kwanza kuulizwa. Mama mkubwa hangeweza kuleta posa kabla ya kulihakikisha hilo. Nilichosema kilikuwa kejeli tu.

Aliacha kutafuna. Akafuta vidole kwa ncha ya leso, kimoja kimoja. "Kunja barua yako," akasema. "Twende zetu. Jua lapanda."

Njia nzima ya kushuka hakusema neno, na mama mkubwa kukaa kimya lilikuwa jambo la kutia hofu. Yule bwana akaweka kaseti ya taarabu, kisha akaiimbia juu, akikosea maneno. Tulirudi barabara kubwa, tukafika karibu na Mambrui, akaegesha gari chini ya minazi ya mwisho, akalifuta vumbi, akavua miwani na kuivaa tena. "Bismillahi," akasema. "Jangwa."

Ukienda leo Mambrui utaviona bado vilima vile vya mchanga, kati ya minazi na bahari. Ni vikubwa, sikatai, na upepo unavichonga vizuri. Lakini ukipanda juu yake unaiona bahari yote, na ukigeuka unaziona paa za makuti na mbuzi wakila majani, na miguuni pako ni mavi ya mbuzi haohao. Hilo ndilo jangwa lake. Alilipanda akiwa na viatu na soksi, mchanga ukamwingia, akawa anasimama kila hatua kumi akimimina. Mama mkubwa alivua ndara zake akampita.

Juu kabisa alitaka kupiga picha. Sasa ndipo nilipocheka, mara yangu ya kwanza siku ile. Alikuwa akitafuta pembe ambayo bahari haionekani. Alilala kifudifudi mchangani, akajivuta kushoto, akajivuta kulia. Ikitoka bahari, unaingia mnazi. Ukitoka mnazi, anaingia mbuzi. Nilipocheka alinyanyua uso wenye mchanga, naye akacheka, akadhani tumepatana.

Akanieleza basi, bila kuulizwa. Chumba anacholala huko wanalala wanaume wanane wa nchi mbalimbali, na wenzake humtania kwamba kwao ni msitu na mbu tu, watu wanakaa juu ya miti. Siku moja akawaambia, kwetu tuna milima, tuna na jangwa kama hili lenu. Wakamwita muongo. Ameahidi kurudi na picha. Alinieleza hayo kama mambo ya kawaida, huku akipuliza mchanga kwenye kamera. Nikamwona mdogo zaidi kuliko nilivyomwona asubuhi. Mtu mzima wa miaka ishirini na saba, anaposa mke mkono mmoja na mkono wa pili anaficha bahari ya Hindi ili awafurahishe wenzake saba wa chumbani.

"Njoo, mwanangu," mama mkubwa akamwita. Alikuwa amekaa juu ya leso yake, miguu ameikunja, uso ameuelekeza kibla. "Nawe njoo," akanambia mimi. Tukaenda tukakaa.

"Pana jambo limenijia leo," akasema, "na nisipolisema nitakwenda kuulizwa nalo. Ulipozaliwa mamako alishikwa na homa. Wewe hukujaza hata wiki. Walia usiku, walia mchana, na maziwa hana. Mimi nilikuwa nimezika mtoto mwezi uleule. Nyumba ni ukuta kwa ukuta. Nikaja nikakuchukua."

Yule bwana alikuwa bado ametabasamu. Nadhani alifikiri anasimuliwa hisani tu.

"Nilikunyonyesha siku tatu," mama mkubwa akasema. "Ukishiba walala. Na huyu nimemnyonyesha, watu wote wajua. Nilisahau, mwanangu. Uzee. Nimekuletea posa ya ndugu yako. Mungu anisamehe, na wewe unisamehe."

Dini yetu inataka kunyonya mara tano za kushiba. Siku tatu zilitosha na kubaki. Alikuwa amepiga hesabu yote kule garini. Nilikuwa namjua mama mkubwa. Hakusahau kitu maishani mwake. Alikuwa akikumbuka nani alivunja sahani kwenye arusi ya nani.

Nilifurahi. Lazima niliseme hilo kwanza. Kisha nikangoja akasirike, abishe, aulize mashahidi, aseme mtu hasahau jambo kama hilo. Mimi ningeuliza. Mtu yeyote mwenye akili angeuliza.

Alivua miwani yake. Macho yake sikuwahi kuyaona vizuri kabla ya hapo. "Mamangu," akasema, "alipokuwa mgonjwa, aliniulizia? Aliuliza niko wapi?"

Mama mkubwa hakutazamia swali hilo. Kisha akaanza kumweleza juu ya mamake, na hapo hakuwa na haja ya kutunga, maana alimjua kweli: alivyokuwa akicheka kwa kuziba mdomo kwa kiganja, alivyopenda embe mbichi na pilipili, alivyomwita mwanawe kwa jina la utani ambalo hakuna aliyelitumia tena baada ya kufa kwake. Alilitaja jina hilo. Yule bwana akainama, akalia mchangani mbele yetu, akijifuta kwa mkono uleule uliojaa mchanga, hata macho yakamwasha akazidi kulia. Mjinga wee, nilisema moyoni. Mjinga, waamini upesi hivi?

Alipotulia alinigeukia. "Basi wewe ni dada yangu," akasema. "Mimi sikuwahi kuwa na ndugu."

Mjini habari zilifika kabla ya isha. Sheikh aliitwa. Alimuuliza mama mkubwa maswali, akamjibu bila kupepesa, kisha akamwambia yule bwana kwamba neno la mwanamke mmoja peke yake halimfungi. Akitaka anaweza kuendelea na posa, ingawa kujiepusha ni bora. Baba alinisimulia jibu lake. Alisema, "Huyu alinipa maziwa yake nikiwa na njaa. Leo nimwite muongo?"

Mama mkubwa hakuitwa tena kuwa mshenga. Nani amtume mwanamke aliyesahau nani kamnyonyesha? Wanawake walimcheka waziwazi kwenye arusi, wakimuuliza kama ana hakika hakumnyonyesha na bwana arusi huyu pia, naye alicheka pamoja nao na kuomba aongezewe pilau. Kazi aliyoipenda maisha yake yote ikaishia pale juu ya mchanga.

Na mimi? Yule bwana, alipomsikia mama mkubwa akitaja barua, alikwenda kwa baba mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. "Mahram wake mimi," akamwambia. "Nitampeleka chuoni mimi. Jumamosi atakwenda kwa shangazi yangu, na nikiwa safarini shangazi atakuwa badala yangu." Baba alitafuta sababu nyingine akaikosa. Likizo yake yote iliyobaki, ambayo alikuja nayo kutafuta mke, aliimaliza kushughulikia godoro langu na sanduku langu.

Asubuhi ya kuondoka nilimvuta mama mkubwa chumbani. Nikamwambia siwezi, nitamwambia kweli njiani. Alinishika mkono kwa nguvu sana.

"Hutamwambia kitu," akasema. "Dhambi nimeibeba mimi. Ukimwambia, utamuua mamake mara ya pili. Kasomeshe watoto wa watu."

Tukaenda. Tulivuka kwa feri Kilifi, akaninunulia korosho, akanieleza kuhusu feri. Mombasa tukafikia kwa shangazi yake, tukatandikiwa chakula, sisi watatu tu. Mimi nilikaa na buibui langu na ushungi nimeukaza chini ya kidevu, na jasho lanitiririka. Shangazi akashangaa. "Mbona wajifunga hivyo? Huyu si nduguyo?" Mwanamke hajifuniki mbele ya kaka yake, na hakuna mwanamume, isipokuwa baba, aliyekuwa ameziona nywele zangu tangu nivunje ungo.

"Mwache," akasema yeye. "Ananionea haya. Hajanizoea."

Nilikuwa na dharau ya kuwatosha watu wote wa pwani, na nilipoitafuta pale mkekani ili imwangukie yeye, ikaniangukia mimi. Kama ningebaki nimejifunika, siku moja angeuliza kwa nini. Basi nikafungua ushungi nikaukunja magotini, mbele ya mwanamume ambaye si chochote kwangu. Hakunitazama hata. Alikuwa akinitolea miba ya samaki, akaisogeza sahani upande wangu, akauliza kama nimekumbuka kuchukua sabuni.

Nikamwambia, "Nimechukua, kaka."